Ngoma Zilizofungwa kwa Boliti

Sahani ndizo zilizotangulia kuniaga. Nilikuwa napiga dramu za kwaya katika kigango chetu cha Misunkumilo, pembeni mwa mji wa Mpanda, na Jumapili moja niliona fimbo yangu inagonga sahani ya kulia, sahani inatikisika vizuri tu, lakini ule mlio wake wa kutawanyika kama mchele uliomwagika kwenye bati haukunifikia. Nikadhani imepasuka. Baada ya misa niliivua, nikaizungusha mikononi, nikapitisha kidole ukingoni kutafuta ufa. Sikuuona, nikasingizia vumbi.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Natengeneza mageti, madirisha ya nondo na mikokoteni ya ng'ombe, na kwa miaka mingi nimekaa na grinda mkononi bila kuziba masikio hata kwa pamba. Wenzangu waliniambia nizibe. Nikawacheka, nikasema fundi akiziba masikio atasikiaje chuma kikimwita. Maneno ya kijinga hayo, na niliyasema mbele ya watu, kwa hiyo hata kuyakana siwezi.

Baada ya sahani kikaondoka kile kingoma chenye waya chini, ambacho ndicho kinachoshika mwendo wa wimbo. Nilipokipiga nilisikia kama mtu anafua shuka kwa mbali. Kisha zikaondoka sauti za wanawake, kisha za wanaume. Kilichobaki ni vitu vizito tu: besi, ngurumo ya mvua, malori ya tumbaku yakipita barabara ya Inyonga. Nikajifunza kutazama midomo. Mteja akisema, nilitazama mdomo wake na vidole vyake, nikakadiria, nikasema "eeh." Neno hilo lilinibeba zaidi ya mwaka. Ukisema eeh kwa uso mkunjufu watu wanaridhika, na ni wachache wanaouliza swali la pili.

Kwa nini nilificha? Kwa sababu kile kiti cha dramu kilikuwa heshima yangu pekee. Nimeoa miaka tisa, hatuna mtoto. Rika langu lote linaitwa baba fulani, mimi naitwa fundi. Lakini Jumapili, nikishaketi nyuma ya zile ngoma, kanisa zima lilinisubiri mimi ili lianze kucheza. Wanawake walipiga vigelegele, wazee walitikisa mabega, na hata wale walionisema visimani walinifuata kwa miguu yao. Nikiondolewa pale nitabaki na nini? Nilitaka kubaki kwenye kile kiti, kwa kweli au kwa uongo.

Ndipo nikapata wazo la ngoma kubwa. Kama ndogo zimeniacha na nzito zimebaki, basi nitafute nzito zaidi. Kwa mwalimu wa kwaya sikulisema hivyo. Nilimwambia ni ubunifu: tuchanganye dramu za dukani na ngoma za kwetu, lakini ziwe kubwa kuliko zote zilizowahi kuonekana, tuzifunge juu, zimzunguke mpigaji. Mwalimu alifurahi mpaka akanishika mkono. Alisema kwaya za mjini zitakuja kutuiga. Nami nikatabasamu kama mtu mwenye akili nyingi.

Magogo niliyatoa Inyonga, kwa mzee mmoja anayechonga mizinga ya nyuki. Kutoboa gogo ndiyo kazi yake ya maisha, kwa hiyo ngoma kwake ni mzinga uliokosa kifuniko. Alichagua miti miwili iliyoanguka yenyewe, akaitoboa kwa mwezi mzima. Nilipoenda kuzichukua, moja ilikuwa na mdomo mpana kama ungo wa kupepetea, nyingine ndogo kidogo. Akaniuliza nitazifungaje. Nikamchorea kwenye vumbi: nitatoboa matundu manne ubavuni, nitapitisha boliti, nitakaza kwenye bomba la chuma. Mzee akatikisa kichwa. Meno yake yalikuwa machache, na mdomo wa namna hiyo ni mgumu kuusoma, lakini alinishika bega akanielekeza juu, kwenye mzinga wake uliokuwa unaning'inia mtini kwa kamba na ndoano, akasema taratibu mpaka nikamwelewa.

"Kitu chenye uwazi ndani hakipigiliwi, mwanangu. Kinaning'inizwa. Kikipigiliwa hata nyuki wanakikataa."

Nikasema eeh. Moyoni nikasema huyu anajua nyuki, chuma nakijua mimi. Magogo yalikuja Mpanda juu ya basi, na kondakta akatangaza kwa abiria kwamba leo wamebeba majeneza ya watu wanene. Najua hivyo kwa sababu jirani yangu wa kiti alinirudia utani huo uso kwa uso, akicheka.

Ngozi nilizifuata Majimoto, kwa wafugaji wa Kisukuma waliohamia kule na mifugo yao. Mke wangu ni mzaliwa wa huko, Mpimbwe wa kwenye mashamba ya mpunga, kwa hiyo tulikwenda wote kwa pikipiki: mimi kwa ngozi za madume, yeye kwa mama yake. Mama na binti walishinda jikoni. Nilipokuja kumchukua niliona macho yake yamevimba. Sikuuliza, maana kuuliza ni kuomba jibu, na jibu ndilo lililokuwa linanitisha.

Tulifunga ngozi nyuma zikiwa bado zinanuka chumvi, yeye akakaa kati yangu na mzigo. Tulipoingia kwenye ile barabara ya kupita hifadhini, ambako husimamishi pikipiki kwa sababu ya mbung'o, nilihisi kidevu chake kinacheza begani kwangu. Alikuwa anasema. Alisema kwa muda mrefu, pumzi yake ikinipiga shingoni, kisha kidevu kikatulia, nikajua nasubiriwa. Nikatazama barabara. Kidevu kikacheza tena, mara hii kwa muda mfupi, kikatulia. Nikatikisa kichwa, nikajibu kwa nguvu ili nishinde upepo: "Eeh, sawa."

Mikono yake iliyokuwa kiunoni kwangu ikalegea. Akashika chuma cha kubebea mzigo mpaka tunafika nyumbani. Nikafikiri amechoka na safari.

Tangu siku ile akawa mtu wa maneno machache. Naisema aibu hii waziwazi: nilishukuru. Mtu asiyesema hahitaji kujibiwa. Akaanza kunionyesha vitu ndani ya nyumba, kwa kidole, kama mtu anayemzungusha mgeni: unga uko hapa, chumvi hapa, karatasi za kiwanja ziko chini ya godoro. Mfuko wake wa safari nikauona nyuma ya mlango, vitenge vimekunjwa ndani. Nikasema moyoni, mke wangu siku hizi amependa usafi. Kichwa changu chote kilikuwa kwenye ngoma.

Niliziwamba mwenyewe, mke wangu akivuta ngozi upande wa pili bila kuinua macho, nikazikaza kwa mambo, vile vigingi vidogo vya mti mgumu. Kisha kazi ya kuzipandisha ikanitoa jasho. Kwanza nilitengeneza miguu mitatu ya bomba, nikaiweka ile kubwa juu yake. Katika mazoezi ya kwanza ilianguka kwenye mguu wa mwimbaji mmoja wa sauti ya tatu, akachechemea wiki mbili. Ngoma ndogo ya dukani unaitundika kwa mkono mmoja wa chuma, lakini ngoma ya gogo ina uzito wa ndama, na ukiiinamisha kidogo ili fimbo ikutane na ngozi, uzito wote unakimbilia mbele. Nikakata miguu ile, nikaunda fremu moja ya bomba nene iliyopinda kama kiatu cha farasi, nikatoboa magogo kama nilivyosema, boliti nne kila moja, nikakaza mpaka mbao zikalia. Nasema zikalia kwa kukisia. Mwisho, bila kumwambia mtu sababu, nikachomelea kiti changu kwenye fremu hiyo hiyo.

Nilipoketi nikapiga ile kubwa mara moja, nilikaribia kulia. Mlio ulipita kwenye boliti, ukaingia kwenye bomba, ukapanda kiti, ukanijia mgongoni mpaka kwenye meno. Nilipiga tena na tena. Kwa muda ule nilikuwa mpigaji wa zamani, mwenye masikio yake mawili, na nilimshukuru Mungu kwa sauti ambayo sijui ilikuwa kubwa kiasi gani. Mke wangu alitoka mlangoni, akanitazama, akarudi ndani.

Furaha yangu ilidumu mpaka mazoezi ya Jumatano. Tuliimba nyimbo tatu, nikizipiga kwa kutazama mikono ya mwalimu na kwa kuhisi kiti. Nilijiona sina mpinzani. Mwalimu akaja mbele yangu, akasugua kipara chake, akasema nisikasirike, lakini ngoma zinakohoa. Zilipokuwa chini kabla sijazifunga zilikuwa zinalia vizuri, mlio unakaa hewani. Sasa zinagonga na kufa hapo hapo. Akagusa boliti kwa kidole. Akaniuliza kwa nini nisizining'inize kwa kamba, au basi niweke vipande vya mpira kati ya chuma na gogo.

Mpira ungekata njia ya mlio kunifikia mgongoni. Kamba ingekata njia. Mlio ungebaki hewani, mali ya watu wote isipokuwa mimi. Nikawaka. Nikasema yeye ni wa nota, mimi ni wa chuma, kila mtu abaki na zake. Mwalimu akawageukia waimbaji akasema jambo, kwaya nzima ikacheka, nami nikacheka pamoja nao. Mtu wa karibu alinirudia baadaye: mwalimu alisema sikio la kufa halisikii dawa. Alikuwa anautania ubishi wangu tu, masikini, hakujua amegusa wapi.

Siku ya somo wa kigango, mtakatifu msimamizi wetu, ilikuwa inakaribia, na wageni wangetoka parokiani na vigango vingine. Mwalimu akaniambia wazi kwamba ngoma zikiendelea kukohoa, siku hiyo watatumia zile za zamani za kushika mapajani, nami nipumzike. Kupumzika. Nikaona kiti changu kinaondoka. Basi nikatii. Nilifungua boliti, nikazitundika ngoma kwa kamba za katani na ndoano, kama mizinga ya yule mzee. Kwenye mazoezi niliona nyuso zao zinabadilika nilipopiga pigo la kwanza: waliangaliana, mmoja akafunga macho, mwalimu akainua mikono yote miwili juu. Ziliwalilia vizuri sana, nadhani. Kwangu hakukuja kitu. Nilikuwa nachapa ngozi iliyokufa. Mikono yangu ikapoteza mwendo, nikaona kwaya inanitazama, midomo imesimama nusu wazi. Nikasema kamba imelegea. Nikasema tumbo linaniuma. Nilitoka nje nikashika ukuta wa kanisa kwa viganja viwili.

Jumamosi, kesho yake ikiwa ndiyo siku yenyewe, nilizirudisha nyumbani kwa mkokoteni, nikazifunga tena kwenye boliti. Nilijiambia kasoro ni ngozi. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, ngozi zimelegea kwa unyevu, na ngozi iliyolegea lazima ikohoe. Nikizipasha moto zikakaza sawasawa, zitalia hata zikiwa kwenye chuma, na mimi nitabaki na kiti changu na mlio wangu wa mgongoni. Kila mtu kwetu anapasha ngoma kabla ya kuipiga. Unaipeleka kwenye moto wa majani, unaigeuzageuza, unagonga kwa kidole huku unasikiliza. Mwanzo inaguna, kisha sauti inapanda, na ikianza kuita unaiondoa. Lakini ngoma zangu zilikuwa zimekazwa kwenye fremu isiyobebeka na mtu mmoja. Kwa hiyo sikuipeleka ngoma motoni. Nilileta moto kwenye ngoma: jiko la mkaa, chini ya ile kubwa yenye mdomo mpana, pale uani.

Nikagonga kwa kidole. Kimya. Nikaongeza mkaa. Nikagonga. Nikaweka kiganja kwenye ngozi, ilikuwa na joto zuri, nikasema bado. Nikaketi kwenye kiti nione kama mgongo utaniambia, lakini pigo la kidole halifiki mgongoni. Nikapepea jiko. Mke wangu alikuwa nyuma yangu anafua. Nakumbuka nilikuwa natokwa na jasho, na nilikuwa naomba, Mungu wangu, ngozi hii moja tu, niachie hii moja.

Nilijua imepasuka kwa upepo wa moto ulionipiga usoni. Ngozi ilikuwa imefunguka kutoka ukingo mpaka ukingo. Niligeuka. Mke wangu alikuwa amesimama, mapovu mpaka kwenye viwiko, mikono kichwani, na mdomo wake ulikuwa wa mtu aliyeita kwa muda mrefu. Baadaye aliniambia kwamba ngoma ilianza kuita, kisha ikapiga kelele kama mbuzi, majirani wakasimama, naye akaniambia inatosha mara tatu, akiwa hatua nne tu nyuma yangu.

Alijifuta mikono, akapita akaenda nyuma yangu. Nilibaki natazama ngozi. Alipokuja tena mbele alikuwa ameshika sufuria na mfuniko wake, nikaelewa amevigonganisha karibu na kisogo changu nami sikushtuka. Akaviweka chini. Akanishika kidevu, akauinua uso wangu kama wa mtoto anayetazamwa jicho.

"Tangu lini?"

Nikamwambia. Nilimwambia sahani, kingoma, sauti za wanawake, yake ikiwemo. Nilimwambia kwa nini kiti kimechomelewa. Nilisema vyote nikimtazama mdomo. Kisha akauliza kuhusu siku ile kwenye pikipiki. Nikasema siku gani. Akanijibu polepole, kila neno akiliacha limalizike.

"Siku ya kutoka Majimoto. Mama alisema nisikukalie njia. Nikakuuliza kama unataka nirudi nyumbani, utafute mtoto kwa mwingine. Nikakuuliza mara mbili, mume wangu. Ukasema eeh, sawa."

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na nimelisikia neno hilo tangu utoto likitumiwa kwa mambo madogo madogo. Pale uani niliona ukubwa wake. Mfuko nyuma ya mlango, unga hapa, chumvi hapa: alikuwa ananiaga kwa miezi, nami nilikuwa naitikia kila kitu. Akaniambia alisubiri sikukuu ya somo ipite ili asiniharibie siku yangu. Jumatatu kaka yake angekuja kumchukua.

Nilimvuta mkono nikamkalisha kwenye kile kiti. Sikujua namna nyingine ya kumweleza. Nikachukua fimbo, nikaipiga ile ngoma ya pili, iliyokuwa bado nzima, kwa nguvu zangu zote. Nikaona mabega yake yanaruka. Nikapiga tena. Akaweka kiganja kwenye bomba, akakiacha hapo. Nikamwambia hiki ndicho nilichobakiwa nacho, hivi ndivyo ninavyosikia, na wewe hukuwa umefungwa kwenye chuma chochote, ulikuwa unasema kwenye upepo. Nikamwambia aniulize tena.

Aliniuliza tena, uso kwa uso. Safari hii nililielewa swali lote kabla ya kulijibu. Nikasema hapana. Jirani alichungulia juu ya uzio akiwa na jembe mkononi, ndipo nikajua nimepiga kelele.

Mke wangu aliinuka kwenye kiti. Akainama kwenye jiko, akaanza kutoa mkaa mmoja mmoja kwa kijiti na kuuzima kwenye mchanga, mgongo umenielekea. Nikaona shingo yake inacheza. Alikuwa anasema kitu, si kirefu, kisha shingo ikatulia, akabaki ameshika kijiti bila kugeuka. Ile eeh yangu ilikuwa tayari imefika mdomoni, nyepesi kama siku zote. Nikaimeza. Nikazunguka jiko, nikapiga magoti kwenye majivu mbele yake mpaka nikauona uso wake.

"Sijasikia," nikamwambia. "Rudia."